Hapo Hapo

Kitanda cha kliniki ya viungo kina tundu la kuingizia uso. Ukilala kifudifudi unaona vigae vya sakafu, miguu ya kiti, na viatu vya mtaalamu vikienda na kurudi. Mkono unaokugusa huuoni. Mazungumzo ya pale ni mafupi, na yote ni ya kutafuta mahali. "Hapa?" Hapana. "Hapa?" Karibu. Kidole gumba kikateremka kando ya mfupa wa bega langu la kulia, kikalizunguka fundo la msuli lililokuwa limejikunja humo kwa miezi minne, kikatua. Sikusubiri kuulizwa. "Hapo hapo," nikasema, na machozi yakanitoka palepale, yakadondoka kwenye vigae.

Mtaalamu yule, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, hakusema neno. Aliacha kidole kilipo mpaka pumzi yangu ikatulia. Kisha akapaka mafuta, akabandika kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, akakichomekea pampu ndogo ya mkono, akavuta mara tatu. Nilihisi ngozi ikipanda. Nyama ya mgongo wangu, iliyokandwa, iliyochuliwa, iliyobandikwa kila aina ya plasta yenye harufu ya karafuu na mnanaa, ilikuwa inainuliwa. Akaweka cha pili, cha tatu, hadi saba. "Dakika nane," akaniambia. "Kikiuma vibaya sema, usivumilie. Huku hatutoi zawadi ya uvumilivu."

Katika dakika hizo nane, nikiwa nimetazama vigae, nilirudi Pangani.

Nilikuwa na miaka saba, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Kiuno chake kilikuwa kimekwisha kwa mpunga: kuatika, kupalilia, kuvuna, miaka arobaini ya kuinama majini. Ikifika siku hawezi kusimama kutoka kwenye kigoda, anatumwa kijana kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, na kesho yake asubuhi bi mkubwa mmoja anashuka kwenye kivuko na kikapu cha ukili kichwani. Watoto tulimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini kuliko tulivyowaamkia wengine. Kikapuni mlikuwa na pembe tano za mbuzi, zilizokatwa sawasawa upande wa mdomo na kutobolewa tundu dogo nchani. Mlikuwa na kipande cha nta ya nyuki, kopo la maji, na wembe uliofungwa kwa kitambaa.

Tuliambiwa tukacheze mbali. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia la kanga.

Kwanza alimpapasa. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko yote yaliyofuata, na nilipokuwa mdogo lilinichosha. Nilitaka kuziona pembe. Alimpapasa bibi kiuno chote kwa viganja viwili, polepole, huku akiuliza habari za mpunga, za mjomba aliyekuwa Tanga, za paka. Bibi anajibu, mara anakatisha jibu katikati: "Hapo hapo, Bi Mkubwa." Ndipo pembe inapowekwa. Yule mama alikuwa na kidonge cha nta kinywani. Anaweka midomo kwenye ncha ya pembe, anavuta hewa mpaka mashavu yanabonyea, kisha kwa ulimi anaisukuma nta na kuziba tundu. Pembe inabaki imeshika mgongo yenyewe, imesimama wima kama iliyoota pale. Baadaye aliibandua, akachanja chale nyepesi kwa wembe, akairudisha, na iliposhuka mara ya pili ilikuwa na damu nzito, nyeusi, imeganda kama ini. Aliimwaga kwenye majani, akamwonyesha bibi. Bibi akaitazama kwa makini, akashusha pumzi.

Kazi ile inaitwa kuumika, na mwenye kuifanya ni muumishi. Ukilisikiliza neno lenyewe utasikia ndani yake kuna kuuma. Majirani zetu wa bara wanalo pia: Waganda husema okulumika, Wanyarwanda na Warundi husema kurumika, na katika lugha zao zote kung'ata ni kuluma au kuruma. Kiswahili kiliitupa ile l ya mwanzo, tukabaki na kuuma na kuumika. Lakini l hiyo haikufa. Pembe ya muumishi ina jina lake la zamani, ndumiko, na humo ndani sauti iliyopotea imejificha nyuma ya n, ikageuka d, kama vile ulimi mmoja unavyokuwa ndimi nyingi. Neno linaloenea namna hiyo, kutoka Ziwa Viktoria mpaka mdomo wa mto Pangani, halikushushwa juzi kutoka jahazini. Wazee wa wazee wetu walikwisha kutambua kwamba kuna kuuma kunakoondoa kuuma, wakakipa kitendo hicho jina moja na maumivu yake.

Ndumiko ina jina la pili, chuku, na hapo lugha imetuwekea tahadhari. Kupiga chuku ni kumuumika mtu. Kupiga chuku ni pia kuyakuza maneno, kulivuta jambo dogo mpaka likavimba. Msikilizaji wa Kiswahili huyasikia yote mawili kwa pamoja, na mimi nimeshindwa kuiandika makala hii bila kuyasikia yote mawili kila nilipofika kwenye neno hilo.

Kisha pwani yetu ikapata hijama. Waislamu walikuja na maarifa yaliyokwisha kuandikwa na kupangwa, na Sunna juu yake. Hadithi zinasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliumikwa kichwani akiwa ndani ya ihramu kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na kwamba muumishi wake aliitwa Abu Taiba, mtumwa. Abu Taiba alilipwa chakula kwa kipimo cha pishi ya zamani, na Mtume akawataka mabwana zake wampunguzie kodi waliyokuwa wakimtoza. Kisa hicho nimekipenda tangu nikiwa madrasa kwa ajili ya sehemu ile ya mwisho. Aliyeondolewa maumivu alitazama nyuma akamwona aliyemwondolea, akaona naye amebeba mzigo.

Kwingine ulimwenguni hadithi ni ndefu, nami nitaipita haraka. Wagiriki wa enzi za Hippocrates walijadili umbo linalofaa la chombo cha kuumikia. Katika kaburi la Mawangdui nchini China, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, yamekutwa maandishi juu ya hariri yanayotaja matumizi ya pembe. Al-Zahrawi wa Córdoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika kitabu cha juzuu 30 akachora vyombo vya tabibu na kueleza mahali pa kuviweka mwilini. Warusi na Wapoland wana glasi zao ndogo, Wafini huumikana ndani ya sauna, Wavietnamu nao wana zao. Watu wasiojuana, wasio na lugha moja wala dini moja, wamekaa nyuma ya mgongo wa mgonjwa wakiwa na pembe, mwanzi, udongo, shaba, glasi, na sasa plastiki.

Kinachotokea chini ya kikombe si fumbo. Hewa ina uzito. Pale Pangani, usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yetu inabeba hewa yenye uzito wa karibu kilo moja. Hatuuhisi kwa sababu mwili nao unasukuma kutoka ndani kwa nguvu ileile. Muumishi anapoinyonya hewa iliyomo ndani ya pembe, au binti wa kliniki anapovuta pampu, ule mzigo wa juu unapungua kwenye kiduara kidogo tu, na mwili unainuka wenyewe kuijaza nafasi. Wanaotumia glasi na moto wanafanya jambo hilohilo: pamba iliyoloa spiriti inaipasha hewa moto, hewa inatanuka na kutoka, glasi inabandikwa, iliyobaki inapoa na kusinyaa. Kwa hiyo kikombe hakivuti kitu. Kinaondoa uzito, nyama inapanda. Nilipoeleweshwa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Kukanda ni kukandamiza, kuchua ni kukandamiza, hata kumwekea mgonjwa kiganja cha pole ni kumwongezea uzito kidogo. Tiba hii peke yake huupunguza.

Kiswahili kina kuumuka pia, kwa unga uliotiwa hamira. Bibi alikuwa akiufunika unga wa mikate ya kumimina kwa kitambaa na kutukataza kufunua kabla ya wakati. Chini ya vikombe vile saba mgongo wangu ulikuwa umeumuka.

Vilipoondolewa, binti alinipiga picha kwa simu yangu akanionyesha. Maduara saba, mengine mekundu, mawili ya chini ya bega ya zambarau iliyokaribia weusi. Nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mtu wa pwani huuliza: weusi ule ndio damu chafu? Alikuwa amelijibu mara nyingi, lakini hakulijibu kwa kuchoka. Alivuta kiti akakaa ili nyuso zetu zilingane. Akanieleza kwamba mishipa midogo kabisa ya damu, ile myembamba kuliko unywele, hupasuka pale ngozi inapoinuliwa, na damu huvilia chini ya ngozi kama mtu aliyejigonga kwenye kona ya meza. Itabadilika rangi, itakuwa ya kijani kidogo, ya manjano, na ndani ya wiki moja au mbili mwili utakuwa umeifyonza. Damu iliyomo humo ndiyo ile iliyo mkononi na moyoni. Sumu za mwili zinaondolewa na ini na figo, usiku na mchana, bila kikombe. "Alama haina maana ya ugonjwa," alisema, "wala haina maana ya kupona. Ni alama ya kikombe."

Nilimwamini. Lakini nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo, nikaigeuza shingo kadiri ilivyokubali, nikayatazama maduara yangu kwa upendo ambao maelezo yale hayakuugusa.

Nimejiuliza sana upendo ule unatoka wapi, na jibu nililipata kwenye benchi la kungojea, sikulipata kitabuni. Wiki ya tatu nilikaa karibu na mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta kwa miaka ishirini, na kiuno chake kimemlipa kama cha bibi kilivyomlipa. Aliniambia kwamba wanawe ni watoto wazuri, hawamkosei adabu, lakini kila alipowaambia kiuno kinauma walimjibu pole mama, wakaendelea kula. Si ubaya wao. Kiuno hakikuwa na kidonda wala uvimbe, na alipopigwa picha ya eksirei, mifupa ilikuwa ya mtu wa umri wake. Siku aliporudi nyumbani na maduara, aliteremsha kanga kidogo tu nyuma, akawaonyesha. Mwanawe mkubwa aliacha kula. Akasema, "Mama, kumbe unaumwa kweli." Tangu siku hiyo karai linabebwa na yeye.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna hali inayowalemaza watu wengi zaidi ya hiyo ulimwenguni. Wengi wao hawana cha kuonyesha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, tunasema, na msemo huo ni wa kweli kiasi cha kutisha: mwenye maumivu ya mgongo anatembea barabarani akiwa ndani ya kaburi lake, na wapita njia wanaona mtu mzima mwenye afya. Duara la zambarau linampa cheti. Ndiyo maana bibi aliitazama ile damu iliyoganda kwa makini namna ile. Kitu kilichokuwa kinamla gizani kilikuwa kimetolewa nje, kiko juu ya jani, muumishi anakiona, na mjukuu nyuma ya pazia anakiona.

Najua haikuwa hivyo. Damu ile ilikuwa damu. Nasema tu ninavyoelewa pumzi aliyoishusha.

Je, inasaidia? Swali hili linastahili kujibiwa bila kuzungukwa, kwa sababu watu wanatoa fedha ya unga na ada za watoto kulipia vikombe. Majaribio ni mengi. Mapitio mamoja yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikusanya majaribio 135, sehemu kubwa kutoka China, na waandishi wake wenyewe walikiri kwamba mengi yalifanywa kwa namna isiyotosha kuaminika. Ugumu mkubwa ni kumdanganya mgonjwa. Kidonge cha uongo ni rahisi kutengeneza. Kikombe cha uongo kitatengenezwaje, wakati mtu anahisi wazi kama mgongo wake umeinuka au haukuinuka? Watafiti wa Brazil walipata njia. Walitoboa vikombe vitundu vidogo sana, hata hewa ikawa inarudi ndani polepole sekunde chache baada ya kuvutwa. Mgonjwa anahisi kikombe kikiuma, kisha kinalegea bila yeye kutambua. Waliwachukua watu 90 wenye maumivu sugu ya kiuno, nusu wakapata vikombe vizima, nusu vikombe vilivyotobolewa, kwa wiki nane. Matokeo yalitoka mwaka 2021: vikombe vizima havikuwapita vile vya matundu.

Niliposoma habari hiyo nilihuzunika kama mtu aliyeambiwa jambo baya juu ya ndugu yake. Nikamwonyesha binti. Alikuwa ameisoma. Aliniuliza, "Wewe bega lako lilipungua kuuma au halikupungua?" Nikasema lilipungua. "Siku ngapi?" Mbili, siku nyingine tatu. "Na ndani ya siku hizo mbili tulifanya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake, na nikaelewa kwa nini kila mara vikombe vilipoondolewa hakuniruhusu kulala nikifurahia. Alinisimamisha ukutani hapohapo, mikono juu, viganja vikitambaa ukutani kama mjusi, mara kumi na mbili. Akanifunga mpira wa kuvuta kwenye kitasa cha mlango. Akanifundisha kuyarudisha mabega nyuma na chini, mazoezi ambayo wiki ya kwanza nisingeweza kuyafanya bila kulia. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: hisia za mguso na mkandamizo zinaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi, habari za maumivu zikapita kidogo. Ndiyo sababu mtoto akijigonga kiwiko anakisugua kabla hata hajalia. Nadharia ile imerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimebaki: maumivu yanaweza kupunguzwa kwa muda, kwa njia nyingi, na kikombe ni moja ya njia hizo, sawa na kiganja, sawa na kitambaa cha maji ya moto, labda sawa na kikombe chenye tundu. Binti alikuwa ananikopea siku mbili. Bega lililokaa miezi minne bila kuinuliwa lilipewa siku mbili za kujifunza upya kuinuka, kisha siku mbili nyingine, na kilichonitibu mwishowe ni ukuta, mpira, na kuacha kukaa saa sita mfululizo mbele ya kompyuta nikihariri maandishi ya watu.

Mwogeleaji Michael Phelps alipoonekana Rio de Janeiro mwezi Agosti 2016, mabega yake yakiwa na maduara kama yangu, dunia nzima iliyajadili maduara. Aliondoka na medali tano za dhahabu. Mabega yale yalikuwa yamevuta maji tangu utotoni. Kikombe kiliyapumzisha kidogo kati ya mashindano na mashindano. Lakini picha hupiga duara, haiwezi kupiga miaka.

Chuku ya pili, ile ya maneno, inaanzia hapa. Nimeona matangazo, yamechapwa kwa rangi nzuri, yanayosema kuumika kunatibu shinikizo la damu, kisukari, ugumba, ganzi, na hasira. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kuwasajili watoa tiba hizo, na wapo waumishi wa hijama wanaofanya kazi kwa usafi na uaminifu, wembe mpya kwa kila mtu, glavu, swali la dawa unazotumia kabla ya kukugusa. Wapo pia wasiouliza. Baba yangu mdogo ana kisukari, na nyayo zake zimekufa ganzi. Aliahidiwa mahali fulani kwamba vikombe vya moto vitaziamsha. Glasi iliyopashwa moto kupita kiasi ilimwunguza kifundo, naye hakuhisi, kwa sababu ganzi ndiyo iliyompeleka pale. Kidonda kilichukua miezi saba. Katika miezi hiyo alikuwa ameacha na vidonge vyake, maana aliambiwa damu ikishasafishwa havina kazi. Sitamsamehe haraka aliyemwambia hivyo. Mwenye ganzi ya kisukari, mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye ngozi iliyochoka, mjamzito tumboni na kiunoni, hawa muumishi mwema huwarudisha nyumbani na fedha zao. Na wembe uliomgusa mmoja haupaswi kumwona mwingine kamwe. Wembe wa Bi Mkubwa wa Bweni ulifungwa kwa kitambaa kilekile kila mwaka, na ninapokumbuka hilo sasa, nikijua ninayoyajua juu ya homa ya ini na virusi vya Ukimwi, mwili unanisisimka.

Hata hivyo siwezi kumweka yule mama katika fungu la wapiga chuku.

Mwandishi George Orwell alilazwa katika hospitali ya maskini mjini Paris mwaka 1929 akiwa na kichomi, na baadaye akaandika aliyoyaona. Daktari na mwanafunzi wake walimuumika mgonjwa wa kitanda kingine, kisha wakaja kwake na glasi zilezile bila kuzisafisha, wakamwinua, wakaanza kazi. Hawakumwambia neno. Na walioshika glasi hizo walikuwa watu wa kusoma. Kilichomkaa Orwell moyoni, mpaka alipokiandika, ni ukimya ule. Nikimweka mgonjwa huyo wa Paris kando ya bibi yangu wa Pangani, naona vyombo vinafanana, na vyote havikuwa salama. Tofauti iko katika ile saa nzima ya kupapasa. Bi Mkubwa aliuliza habari za mpunga, na kumbe alikuwa anauliza ameinama siku ngapi. Aliuliza habari za mjomba, kumbe anauliza nani atamsaidia kuvuna. Hakuigusa pembe mpaka bibi aseme mwenyewe ni wapi. Akimaliza hakuondoka. Alikaa, wakanywa uji, wakazungumza mpaka adhuhuri, na kabla ya kurudi kivukoni alimshika bibi mkono, wakatembea pamoja mpaka kisimani na kurudi, polepole, bibi akilalamika njia nzima. Nilidhani ni mazoea ya wazee ya kusindikizana. Sasa nikimwona binti wa kliniki akinisimamisha ukutani kabla mafuta hayajakauka mgongoni, naiona ile safari ya kisimani.

Mwaka jana tulipokuwa tunaifungua nyumba ya Pangani ili ipakwe chokaa, tulikuta pembe moja kwenye mtungi uliopasuka, kwenye uvungu wa kitanda cha bibi. Labda Bi Mkubwa aliisahau, au alimwachia. Ncha yake bado ilikuwa na nta, imekuwa ngumu na nyeusi. Nilikwenda nayo kliniki. Binti aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mdomo wake uliolainishwa na migongo ya watu, akaniuliza waliiziba vipi. Nikamweleza habari ya ulimi. Akacheka kwa furaha tupu, akaita wenzake wawili waje waione.

Sasa ni mama anayeumwa kiuno. Anatembea, anapika, anakwenda msikitini, lakini kuinuka kwenye mkeka anahitaji kushika kitu. Tumekubaliana aende kliniki Jumanne. Jana usiku alilala kifudifudi kwenye mkeka wake sebuleni, taarifa ya habari inaendelea, nikapaka mafuta ya nazi viganjani nikaanza kumpapasa kutoka mbavuni kushuka, bila kikombe, bila pembe. Nikamuuliza mpunga wa mwaka huu kule Pangani wanasemaje. Akaanza kunieleza habari ya mvua iliyochelewa, akakatisha.

"Juu kidogo," akasema. "Kushoto. Siyo hapo, mwanangu. Endelea."